Msimtwike Nyanya Deni la Baba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa yatima, akalelewa na mama, kisha na babu, kisha na ami. Tumeanza kwa kumtaja hivyo makusudi, na tutalirudia jambo hili mbele, Inshaallah.

Ndugu wazazi, hivi karibuni tulikuwa na kikao cha wazazi wa madrasa yetu hapa Onduparaka. Mzee mmoja alisimama akalalamika kwamba utovu wa adabu umezidi: watoto wanachelewa, wanatukanana njiani, na wengine wanatorokea kwenye vibanda vya video wakati wa darasa la jioni. Mpaka hapo tulikuwa pamoja naye. Kisha akasema tatizo ni "hawa watoto wa nyanya". Mama hana mume, nyanya hana nguvu, mtoto anakua kama mbuzi asiye na kamba. Akataka watengwe wasije wakawaharibu wengine. Wanaume wengi waliitikia kwa vichwa. Nyanya wanne waliokaa kwenye mkeka nyuma hawakusema neno. Mmoja wao alivuta mtandio akafunika uso.

Sisi walimu hatukujibu vizuri siku ile. Tulisema suala litaangaliwa, tukasoma dua, tukaondoka. Makala hii ndiyo jibu tulilopaswa kulitoa pale pale.

Jibu lenyewe ni hili. Nyanya anayeishi nyumba moja na mama anayelea peke yake ni rehema kwa mtoto. Kinachomharibu mtoto si nyanya kuwepo bali ni baba kutokuwepo, na ni jamii nzima kumfanya nyanya pazia la kufichia deni la baba. Na tuongeze lile ambalo hakuna aliyelitaja kikaoni: wawili kati ya baba za watoto waliosemwa siku ile wanaswali nasi, tena safu ya kwanza.

HUKUMU YA ABU BAKR

Kwa wale wanaodhani mtoto kulelewa kwa nyanya ni aibu, tunawakumbusha kisa alichokipokea Imam Malik katika Muwatta. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na mke wa Kiansari, wakazaa mtoto aliyeitwa Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba akamkuta Asim anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono akampandisha kwenye mnyama wake ili aondoke naye. Nyanya wa mtoto, mama mzaa mama, akawahi, wakawa wanamgombania. Kesi ikafika kwa Abu Bakr (r.a.). Umar anasema huyu ni mwanangu, na nyanya anasema huyu ni mwanangu. Abu Bakr akaamua Umar amwachie nyanya mtoto, na Umar hakurudisha neno.

Tuzingatie hapo. Umar hakuwa baba aliyekimbia. Alikuwa baba anayemtaka mwanawe, na ni Umar tunayemjua kwa ukali wake katika haki. Hata hivyo hukumu ilikwenda kwa mwanamke mzee, naye akanyamaza. Je, yule "mtoto wa nyanya" aliharibika? Asim alikua mtu mwema, na binti yake ndiye aliyemzaa Umar bin Abdul Aziz, Khalifa ambaye uadilifu wake unasimuliwa hadi leo.

Kutokana na hukumu kama hizo wanazuoni wetu walipanga daraja za hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo. Madhehebu yote manne yanaanza na mama, na baada yake yanamtaja nyanya mzaa mama. Hata katika mirathi, mama asipokuwepo nyanya ana sudusi yake, moja ya sita. Dini iliyompa nyanya cheo hiki haiwezi kutumiwa kumdhalilisha kwenye mkeka wa nyuma.

Lakini kuna jambo la pili ambalo wanaume hulisahau upesi. Hadhana ikienda kwa mama au kwa nyanya, nafaqa haiendi nayo. Gharama inabaki shingoni mwa baba. Nyanya amepewa mtoto, hakupewa deni.

NI NANI ALIYETULEA SISI?

Tuwaulize wazee waliotikisa vichwa: nyinyi mlilelewa na nani?

Historia ya West Nile hatuhitaji kusimuliwa na mtu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wa Arua, Koboko na Yumbe walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Congo na Sudan. Mwezi Juni 1981 yakatokea mauaji ya Ombaci, hapa hapa jirani yetu. Wanaume wengi waliuawa, wengine walipotea, wengine walikaa mbali miaka na miaka. Waliobaki na watoto ni mama zetu na mama zao. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu tulizaliwa uhamishoni au tulirudi nyumbani tukiwa tumebebwa mgongoni. Nyumba za kwanza zilizosimama tena kwenye magofu zilikuwa za mama mmoja, nyanya mmoja na watoto sita.

Kina nyanya hao, haboba kwa ndugu zetu Wanubi, dede kwa Kilugbara, ndio waliotufundisha Alhamdu kabla hatujamwona sheikh yeyote. Wanawake wengi wenye miaka sitini leo walikuwa mabinti wadogo mwaka ule wa 1979. Walikimbia wakiwa watoto, wakalea wana katika dhiki, na sasa wanalea wajukuu. Huyo ndiye anayeambiwa kwamba anaharibu madrasa?

Na mama wanaolea peke yao ni kina nani? Tunalitamka neno hilo kana kwamba ni tusi. Miongoni mwao yuko mjane. Yuko aliyepewa talaka kwa kipande cha karatasi. Yuko ambaye mume alisema anakwenda kutafuta riziki Kampala au Juba, na simu haipatikani tena. Yuko ndugu yetu mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeingia na watoto bila mume. Na yuko binti aliyepata mimba zile shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na aliyempa mimba anaendesha boda boda yake mjini mpaka leo kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwaweka wote hawa katika kapu moja na kuliita "ufisadi wa wanawake", umewadhulumu.

ANACHOKIFANYA NYANYA NYUMBANI

Hebu tuingie ndani ya nyumba moja ya kawaida. Mama anauza nguo sokoni Arua, au siku ya soko anavuka kwenda Ariwara upande wa Congo. Anatoka alfajiri, anarudi Magharibi miguu imevimba. Mtoto akirudi shule saa nane, anamkuta nani? Nyumba yenye nyanya ina mlango ulio wazi, ina enyasa kwenye sahani, ina mtu wa kuuliza: "Umeswali? Daftari liko wapi? Ulikuwa na nani njiani?" Nyumba isiyo naye ina kufuli, na ufunguo uko chini ya jiwe. Mtoto anayefungua kufuli mwenyewe ndiye tunayemkuta kwenye kibanda cha video.

Sisi walimu tunaliona hili kwa macho yetu. Mtoto mwenye nyanya nyumbani mara nyingi huja na salamu sahihi mdomoni, anajua kupokea kitu kwa mkono wa kulia, anaijua lugha ya wazee wake. Mama akirudi amechoka na hasira zake za soko, nyanya hukaa katikati, na fimbo iliyokuwa imshukie mtoto haishuki. Palipo na babu, mtoto wa kiume anapata mtu wa kumshika mkono kwenda Ijumaa na wa kumwonyesha jinsi mwanaume anavyokaa, anavyosema na anavyonyamaza.

Wataalamu nao wameliona. Rebecca Sear, Ruth Mace na Ian McGregor walichambua kumbukumbu za miaka 1950 hadi 1974 kutoka vijiji vya Gambia, nchi ambayo wengi wake ni Waislamu, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo: watoto wadogo waliokuwa na nyanya mzaa mama walikuwa na afya bora na walipona zaidi kuliko wasiokuwa naye. Huko Marekani, Thomas DeLeire na Ariel Kalil walionyesha mwaka 2002 kwamba vijana wanaoishi na mama asiye na mume pamoja na nyanya au babu hawakuwa nyuma ya wale wanaoishi na baba na mama, na katika mambo mengine walikuwa mbele. Kwa hiyo aliyetwambia kikaoni kwamba nyanya ndiye tatizo, na alete ushahidi wake.

TUSEME NA UPANDE WA PILI

Hata hivyo dini yetu inatutaka tuseme kweli hata dhidi ya nafsi zetu. Hatusemi kwamba kila nyumba yenye nyanya imenyooka. Yapo makosa, na tunayaona.

La kwanza ni merikebu moja kuwa na manahodha wawili. Mama anakataza, nyanya anaruhusu. Mama anamnyima mtoto kitu kwa sababu ya kosa, nyanya anampa kwa mlango wa nyuma. Mtoto ni mwepesi wa kujifunza, na anachojifunza hapo ni kwamba neno la mama halina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Lindsay Chase-Lansdale na wenzake, kuhusu familia maskini za mji wa Baltimore, uliona kwamba mama na nyanya wakikaa nyumba moja, mara nyingi malezi ya wote wawili hupungua ubora, isipokuwa pale mama mwenyewe ni binti mdogo sana, ambaye nyanya humsaidia kweli. Kwa hiyo kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na mapatano.

La pili ni nyanya kumvunjia mama heshima mbele ya mwanawe: "Wewe ungekuwa na akili ungekuwa kwa mume wako." Mtoto anasikia, na siku ya siku atalirudisha neno hilo hilo kwa mama yake. Tumemsikia mmoja akilirudisha mbele ya mlango wa madrasa.

La tatu ni nyanya kuzeeka na mtoto kugeuka mlezi. Mtoto wa miaka kumi ndiye anayeteka maji, anayepika, anayemwogesha mzee. Wema kwa wazee ni ibada, lakini mtoto huyo akianza kukosa shule siku mbili kwa wiki, hapo watu wazima wamekimbia jukumu lao.

Lakini angalieni vizuri, ndugu zetu. Makosa yote haya matatu yana mzizi mmoja. Mama na nyanya wanagombana juu ya mtoto kwa sababu wanagombana kwanza juu ya sukari, juu ya karo, juu ya nani alipe deni la dukani. Ondoa shida ya pesa, na nusu ya ugomvi wa nyumba hiyo unazimika.

DENI NI LA NANI?

Katika Suratul Baqara aya ya 233 na Suratut Talaq aya ya 6 na 7, Allah (S.W.) ameweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba, hata baada ya talaka, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hind bint Utba (r.a.) alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi cha kutosha yeye na wanawe, hakuambiwa avumilie wala hakuambiwa aende kwa mama yake. Aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kiasi kinachowatosha kwa wema. Mtume (S.A.W.) pia alimfundisha kila mwanaume kwamba kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha ni dhambi ya kumtosha.

Na sheria ya nchi? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, inawapa wazazi haki na wajibu wa kuwatunza watoto wao. Sheria ya Watoto inataja elimu, chakula, mavazi, makazi na matibabu. Haiulizi kama mliachana vizuri au vibaya.

Hapa watatokea wajanja watakaosema: mtoto yule si wa ndoa, kifiqhi nasaba yake ni ya mama, hivyo hatudaiwi nafaqa. Juu ya nasaba hatutabishana, jamhuri ya wanazuoni wameshaeleza. Swali letu ni jingine. Mtu aliyeisahau sheria ya Allah usiku, vipi anaikumbuka asubuhi, tena pale tu inapomwokolea pesa zake? Na yule mtoto amefanya kosa gani? Qur'ani imerudia mara kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Toba ina masharti yake, na mwenye toba ya kweli hawezi kumpita mtoto wake njiani akiwa hana viatu.

Wengine husema serikali inawasaidia wazee. Ule mpango wa SAGE ulioanza mwaka 2010 ulipangiwa Sh 25,000 kwa mwezi, na uliposambazwa nchi nzima ukawekewa umri wa miaka 80. Nyanya wa miaka 60 hayumo. Na yule wa miaka 80 aliyemo, pesa ile ni ya dawa zake na sabuni yake. Ewe baba uliye hai na mzima, huoni haya pesa ya ajuza ikinunua daftari la mwanao?

NINI KIFANYIKE?

Hatutaki makala hii iishie kwenye lawama. Tunapendekeza yafuatayo.

1. Talaka isiandikwe bila nafaqa kuandikwa. Imamu au sheikh anapoletewa talaka yenye watoto, karatasi hiyo hiyo itaje mtoto atakaa na nani, baba atatoa kiasi gani na tarehe ngapi, na mashahidi watie sahihi. Baba akivunja ahadi, aitwe na kamati ya msikiti kwanza. Akikaidi, mama asaidiwe kufika kwa ofisa wa ustawi wa jamii na mahakama ya familia na watoto. Kwenda mahakamani kudai haki ya mtoto si kuwaasi masheikh.

2. Mama na nyanya wakae chini wapatane. Neno la mwisho kuhusu mtoto liwe la mama. Nyanya akiona mama amekosea, amwambie chumbani, mtoto akiwa amelala. Na mama asimgeuze mama yake mtumishi wa ndani asiye na mshahara. Haki ya mzazi katika Suratul Israa aya ya 23 na 24 haikufutwa kwa sababu una mtoto wa kulea.

3. Mjomba na babu wajitokeze. Abdul Muttalib alikuwa mkuu wa Makuraishi mwenye shughuli zake. Bibi Amina alipofariki Abwaa na mtoto akiwa na miaka sita, mzee huyo alimchukua mjukuu, akamkalisha kwenye busati lake pembeni mwa Kaaba ambapo wanawe wakubwa hawakuthubutu kukaa, mpaka alipofariki mtoto akiwa na miaka minane. Miaka miwili tu, lakini Sira haijaisahau.

4. Zaka za mtaa zianzie kwenye nyumba hizi. Tunachangia mazulia na vipaza sauti, na jirani wa msikiti analala njaa na wajukuu watatu.

5. Madrasa haitamtenga mtoto yeyote kwa sababu ya nani anamlea. Sisi walimu tumekubaliana juu ya hilo, na anayetaka kutuondoa kwa sababu hiyo aanze kazi mapema. Mtoto akikosa adabu tutamrudi kwa kosa lake. Na tutaanza kuwaita baba kwenye vikao kwa majina yao, hata wale wanaodhani hatuwajui.

Kwa wanafunzi wetu wanaolelewa na mama na nyanya tunasema: msiinamishe vichwa. Mbora wa viumbe alikulia katika nyumba kama zenu. Mkirudi leo, mpokeeni nyanya jerikeni mkononi, na mumwombee mama.

Na kwa wale kina nyanya wanne waliokaa nyuma, tunaomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Kikao kijacho mkeka wenu utatandikwa mbele, na mtazungumza kabla yetu.

Allah (S.W.) awahifadhi mama zetu na nyanya zetu, awarehemu waliotangulia, na awape baba waliosahau moyo wa kukumbuka kabla hawajaulizwa siku ambayo hakuna wa kuwajibia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.